Stika ya Mume wa Mama Stoo

Wingu lililetwa ghalani asubuhi, kabla ya chai, na fundi mwenye kofia ya bluu. Alilipitisha mlango mkubwa wa malori, likapanda lenyewe mpaka chini ya mabati, likatulia juu ya rafu za sabuni. Lilikuwa la kijivu, pana kama turubai. Wapakiaji waliuliza kama litaziba feni, wakaambiwa halizibi, wakarudi kwenye katoni zao. Meneja alikuwa ameshatangaza kwamba kampuni inahamia kwenye mfumo wa wingu, kwa hiyo kila mtu alikuwa akilisubiri.

Aliyelichukia ni Mama Stoo. Tangu ghala lifunguliwe, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa. "Mama Stoo, betri za tochi ziko wapi?" Naye bila kuinua macho: "Nyuma ya ndoo, rafu ya chini, na usinikanyagie mafagio." Jamani, alivyokuwa akilipenda swali lile! Sasa mtu aliuliza simu yake, simu ikauliza wingu, na jibu likaja kabla Mama Stoo hajafungua mdomo.

Na tuseme ukweli, wingu lilijua kazi. Kitu kikiwekwa pasipo pake, lilisogea juu yake likakinyeshea manyunyu mpaka mtu aje akiondoe. Daraja la barabara kuu lilipofungwa, wingu lenyewe liliamua mizigo ipi itoke tawi lipi, na madukani hakikukosekana hata kiberiti. Kila tawi lilikuwa na wingu hilohilo. Fundi alisema ni moja tu, liko popote ilipo simu. Meneja alilitazama huku akitabasamu, na Mama Stoo akaona kijicho kinamchoma kifuani.

"Hilo halina akili," alimwambia fundi. "Linakariri tu."

"Halikariri, mama. Linafuata mambo yanavyokwenda. Ukihamisha kitu mara moja, litanyesha. Ukikihamisha kila siku, litaona hapo ndipo pake, litanyamaza. Ndiyo uzuri wake, halibishani na watu."

Hayo ya mwisho Mama Stoo aliyaacha yapite. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya kufungia mizigo. Pale mumewe, dereva wa foklifti, alikuwa amezima mashine akisikiliza stori za mfungaji mmoja aliyeitwa Seloteepu. Jina hilo msichana alipewa kwa sababu ya kazi yake ya kufunga katoni kwa utepe, ingawa Mama Stoo aliona linamfaa kwa sababu nyingine. Seloteepu alicheka, dereva akacheka zaidi. Nyumbani mwanamume yule hakuwa anachekeshwa hata na redio.

"Na watu je, wanaandikishwa kwenye wingu?" alimuuliza fundi.

"Chochote chenye stika. Kwa stika ndipo wingu linakijua."

Basi akaomba stika, akaibandika ndani ya mkanda wa suruali wa mumewe, maana hakuwa na mkanda mwingine. Fundi akauliza mahali pa kitu hicho ni wapi.

"Mchana kwenye foklifti. Jioni kwangu."

Kesho yake dereva alipoegemea meza ya Seloteepu, wingu liliziacha sabuni, likaja taratibu, likamlowesha. Wapakiaji wakaangua kicheko. "Mzigo umepotea njia huo!" Dereva akajikung'uta, akarudi kwenye mashine yake. Mama Stoo aliinamia kaunta ili asionekane alivyofurahi. Jioni alimwanikia mumewe shati bila kumuuliza neno. Tangu siku hiyo akawa analisalimu wingu akiingia kazini.

Lakini dereva hakukoma. Alirudi pale mezani akiwa na koti la mvua. Seloteepu akamletea taulo, tena taulo la maua, la nyumbani kwake, siyo matambara ya kazini. Hilo taulo ndilo lililomkosesha Mama Stoo usingizi. Jioni dereva alianza kuchelewa, na mkewe akifungua simu aliona mtaa wa Seloteepu wote mkavu, ila paa moja tu linanyeshewa. Majirani wa huko walikuwa wanakinga ndoo zao.

"Umepitia wapi?"

"Kwa jamaa."

"Na jamaa huyo kwake kunanyesha?"

"Kidogo."

Wiki zikapita, manyunyu yakawa membamba. Siku moja mume akarudi shati kavu. Mama Stoo alilipapasa mara mbili, moyo ukamtulia, akajisemea kwamba mtu amejirudi. Asubuhi, akiwa kaunta, akamwona Seloteepu anamtengenezea dereva kola, mbele za watu, polepole, na wingu limetulia juu ya sabuni kama halina habari. Hakuna mpakiaji aliyecheka. Mama Stoo akakisukuma kando kikombe chake cha chai.

Akamwita fundi. "Wingu lenu limeharibika."

Fundi akatazama simu yake. "Halijaharibika, mama. Limezoea."

"Basi lizoeshe upya!"

"Hiyo siyo kazi yangu wala yako. Arudi mwenyewe, kila siku, mpaka lizoee tena."

Jioni ile dereva aliwahi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, akavuta sahani. Manyunyu yakaanza kumdondokea kutoka darini. Binti yao akaisogeza redio isilowe.

"Dari inavuja?" aliuliza dereva.

"Haivuji," alisema Mama Stoo. "Ni wewe."

Dereva akatazama juu, akatazama sahani yake. "Basi ngoja nile haraka," akasema.

Mama Stoo akachukua mwavuli nyuma ya mlango, akasimama kando yake, akamkinga. Alitaka kumwambia akae tu, leo na kesho, kidogo kidogo wingu litazoea, lakini akamsogezea mwavuli zaidi. Bega lake mwenyewe likalowa. Mume akamaliza, akanawa, akasema, "Asante, mama watoto," akaondoka. Mvua ilimfuata mpaka kizingitini, ikakatika.

Alikikausha kiti kwa kanga. Simu ikaita juu ya meza. Wingu lilikuwa limeandika: Nafasi hii iko wazi. Iwekwe kitu gani?

Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Jaza na Subiri. Akabonyeza Subiri, kisha akamwambia binti yake amalizie chakula chake.