Majina ya Kabla ya Jando

Orodha ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, mwezi wa nne. Watoto ishirini na wawili wa darasa la nne, nikaituma kwa shule dada yetu huko Skotilandi. Wao walete unga, sisi tupike uji kila asubuhi. Mwaka ule mvua ilitutupa mkono, na hapa kwetu Mangochi kuna watoto ambao kikombe kile ndicho kilikuwa chakula chao cha siku nzima.

Mwezi wa nane wakaingia jandoni na unyagoni, wakatoka na majina mapya. Kwetu Wayao, jina la utoto likishaachwa kule halitajwi tena. Kumwita mtu kwa jina hilo ni kumvua nguo hadharani. Nilipaswa kutuma orodha nyingine, yenye jina la zamani na jipya bega kwa bega. Mara tatu nilishika kalamu, mara tatu mkono ukagoma. Mimi nami ni Myao, jamani.

Mwezi wa kumi akaja Bi Elspeth, mwalimu wa shule dada, na faili lake. Wazazi walijaa uwanjani. Akasoma majina yote, la kwanza hadi la mwisho. Hakuna aliyeitika. Watoto walitazama chini kama waliotukanwa, na kweli walikuwa wametukanwa.

"Mwalimu, watoto wenyewe wako wapi?"

"Ndio hawa. Wamebadilisha majina."

"Wote?" Akavua miwani. "Shule nyingine waliniambia hivyohivyo, kumbe majina hewa. Waitike wenyewe. Wasipoitika, uji basi."

Nikamwendea Jafali, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, nikachuchumaa mbele yake.

"Itika tu, baba. Mara moja."

"Mwalimu, hilo si jina langu."

"Najua. Sasa wadogo zako unaowapelekea uji watakula nini?"

"We mwalimu!" Baba yake, Che Twaibu, akafoka kutoka nyuma. "Umekosa cha kumfundisha mwanangu? Si umvue na suruali kabisa!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Nami nilijua kosa ni langu na anayelipia ni mtoto.

Bi Elspeth akalisoma tena lile jina, ambalo sitaliandika hapa. Jafali akasimama.

"Nipo," akasema.

Wenzake wa jandoni wakapiga miluzi, wakamwita kitoto kichanga. Che Twaibu akatema mate, akaondoka bila kugeuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Elspeth akatabasamu, akaweka alama. "Mmeona? Rahisi tu." Akasoma jina la pili.

Lilikuwa la binti yangu, Hajira. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, akinitazama mimi, si mgeni. Angesimama, najua, kama ningempa ishara tu. Lakini nyuma yake walikuwa wamekaa mama yangu na kungwi aliyemfunda Hajira, wote macho kwangu. Mtoto wa mwenzangu nilimwomba. Wangu nikashindwa. Nikainamisha kichwa.

Mgeni akalirudia lile jina, akangoja. Kisha akafunga faili.

Jafali alikuwa bado amesimama.