Kijana Yuko Sokoni

Ukutani mwa duka la Mama Dobi kuna tangazo ambalo halijawahi kumtisha mtu: NGUO ISIYOCHUKULIWA BAADA YA MWEZI MMOJA ITAUZWA. Aliyeliandika ni yeye mwenyewe, kwa rangi nyekundu na kwa hasira za siku hiyo, na anayelivunja ni yeye huyo huyo. Nyuma ya meza ya kupigia pasi kuna bomba refu la kutundikia nguo, limejaa za waliosahau: suti ya bwana harusi ambaye ndoa yake imeshavunjika, sare za shule za watoto ambao sasa wananyoa ndevu, koti la mvua la mtu ambaye hata jina lake limefutika kwenye kijikaratasi. Kila baada ya muda huzishusha, huzikung'uta vumbi, huzipiga pasi upya na kuzirudisha. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mzee, husema lile si duka, ni makumbusho, limekosa tiketi ya kuingilia tu.

"Na mwenyewe akija?" Mama Dobi huuliza.

"Akija atakuwa kashanenepa, haimtoshi."

Basi ndiye mwanamke huyo ambaye binti yake, siku ya kuondoka, alimwambia, "Mama, nishikie timu yangu. Usimuuze mtu. Nikirudi nataka niikute."

Binti huyo ndiye kifungua mimba na ndiye kitinda mimba. Hakufuatwa na mwingine. Alikuwa amepata kazi nchi ya mbali, katika nyumba ya kutunzia wazee, mkataba wa mwaka mmoja. Nyuma yake aliacha kitanda, viatu vya raba vyenye kamba za rangi mbili, na timu ya mpira isiyo na uwanja, isiyo na mpira, wala mchezaji hata mmoja mwenye nyama na damu.

Timu yenyewe iliitwa Povu FC, kwa heshima ya sabuni iliyomlea. Ilikuwa katika ligi ya kwenye simu iliyoanzishwa na fundi simu mwenye kibanda upande wa pili wa barabara, ambaye tangu hapo wote wanamwita Katibu. Wachezaji wa ligi hiyo wamebuniwa na kompyuta, kila mmoja na umri wake, kasi yake na pumzi zake. Kazi ya meneja ni kusajili, kuuza na kupanga kikosi. Jumamosi mchana Katibu anabonyeza kitufe, kompyuta inazichezesha mechi zenyewe, na watu wazima wenye akili zao wanakosa hamu ya kula. Msimu mmoja unakwisha ndani ya miezi michache, na kila msimu ukiisha mchezaji anazeeka mwaka mzima.

Hilo la kuzeeka Mama Dobi hakulielewa mapema. Mengi hakuyaelewa. Kipa wa Povu, ambaye binti alimpa jina la Komeo, alipoumia bega, Mama Dobi alivuka barabara kwenda kumuuliza Katibu anauguzwa wapi na kama ana mtu wa kumwangalia. Katibu alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Lakini mama wa watu alikuwa ameambiwa ashike, naye alishika. Kila mkataba wa mchezaji ulipofika mwisho aliuongeza. Kila aliyekuja kununua alimjibu kwa adabu kwamba mwenyewe hayupo.

Mwanzoni binti alipiga simu kila Jumamosi. Alitaka kujua nani kafunga, nani kakosa penalti, na hapo katikati yakapenya na mengine: baridi ya huko, chakula kisicho na chumvi, bibi mmoja anayemwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Kisha simu zikaanza kuwa fupi. Mama niko zamu. Mama nitakupigia. Mwaka ukawa miwili, na wa pili nao ukaanza kuchungulia wa tatu. Mama Dobi hakuwahi kusema kwa mdomo kwamba anaumia. Alichofanya ni kuzipiga pasi shuka za chumba cha binti, chumba ambacho hakilali mtu, na kuitazama Povu FC mara nyingi kuliko alivyokuwa akiutazama uso wake kwenye kioo.

Mchana mmoja Katibu aliingia dukani ameshika shati.

"Mama, nimekuja na mambo mawili. Doa na msiba."

"Anza na doa."

"Doa ni la gundi. Msiba ni Povu. Msimu uliopita mmeburuza mkia. Mkiburuza tena msimu huu, sheria ni kwamba timu inapewa meneja mwingine. Na kinyozi wa hapo jirani anaisubiri. Jina jipya keshachagua."

"Timu ina mwenyewe."

"Yuko wapi?" Katibu alimwonyesha simu. Juu ya ukurasa wa timu palikuwa na jina la binti, Meneja, na pembeni yake kitone cha kijivu. Chini yake aliandikwa Mama Dobi, Msaidizi, kitone cha kijani kinawaka. "Hajaingia humu muda mrefu sana. Asiyekuwepo na lake halipo, mama. Mimi sikulaumu, lakini tazama kikosi. Beki wako wa kati akianza kugeuka, mpira umeshaingia wavuni na umesharudishwa katikati. Winga wako ana miaka thelathini na nne na jina lake ni Kijana. Uza wazee, chukua chipukizi, jenga upya."

"Niliambiwa nisimuuze mtu."

"Basi utamkabidhi kinyozi wote kwa pamoja," Katibu alisema, kwa upole, na akaacha shati.

Jioni hiyo alimpigia binti. Ilibidi ajaribu mara kadhaa, na ilipopokelewa kulikuwa na kelele za vyombo nyuma yake.

"Mwanangu, nataka kukuuliza kuhusu timu."

"Timu gani, mama?"

Mzee, aliyekuwa akijifanya anasikiliza redio, aliipunguza sauti.

"Povu," Mama Dobi alisema.

"Ah, ile. Fanya utakavyo mama, mimi hata sijui. Naitwa huku. Nitakupigia."

Hakupiga, si usiku ule wala kesho yake. Na yale maneno, timu gani, yalimkaa Mama Dobi kifuani kama mfupa wa samaki. Matusi angeyameza. Kusahaulika kulimshinda. Alijiona na yeye ametundikwa kwenye lile bomba la nyuma, amepigwa pasi, anasubiri mtu ambaye hakumbuki aliacha nini na wapi.

Lakini kuiacha Povu iende kwa kinyozi hakuweza. Ilikuwa kamba ya mwisho iliyowafunga, hata kama upande mmoja tu ndio ulioishika. Kwa hiyo dirisha la usajili lilipofunguliwa, aliweka pasi pembeni, akavaa miwani, akaanza kuivunja timu ya mwanawe ili aiokoe.

Wale ambao mikataba yao ilikuwa imekwisha aliwaacha waende. Kila mmoja alimwandikia ahsante katika kile kisanduku cha maelezo, ingawa Katibu alishamweleza kwamba hakuna wa kuisoma. Chipukizi aliwachagua kwa shida. Mmoja alimpenda kwa sababu ya jina lake, akagundua baadaye kwamba hana mguu wa kushoto wala wa kulia, yupo tu. Mzee, ambaye siku zote aliuita mchezo ule mpira usio na jasho, alianza kupita nyuma ya kiti chake mara nyingi kuliko kawaida.

"Huyo usimchukue," alisema siku moja, macho dirishani. "Ana kasi lakini hana pumzi. Nimeendesha malori ya aina hiyo."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Mchukue yule kiungo wa chini yake."

Akamchukua yule wa chini yake.

Wakabaki wawili wa enzi za binti, Komeo na Kijana. Daktari wa meno, mwenye timu ya watoto tu katika ligi hiyo hiyo, alihitaji nahodha wa kuwatuliza, akaahidi chipukizi wawili wa maana, beki na mshambuliaji, ili apewe Kijana. Katibu alisema mwenye akili hakatai. Mama Dobi alikaa na ombi lile tangu asubuhi hadi mchana, akiunguza kola ya mteja ambaye hakustahili.

Alikuwa anaikumbuka siku Kijana alipopatikana. Binti alikuwa bado mwanafunzi, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko, akaja mbio kutoka uani akiteleza. Mama, nimempata mmoja ana miaka kumi na saba, atakuwa moto, namwita Kijana. Siku hizo alikuwa anamwambia mama yake kila kitu: mtihani uliomshinda, rafiki aliyemnunia, mvulana wa duka la vitabu aliyemrudishia chenji mara mbili kwa kumtazama. Mama Dobi alikuwa akisikiliza nusu nusu, kwa maana kazi ilikuwa nyingi, akisema enhe, enhe. Sasa angelipa chochote kuisikia habari ya mvulana wa duka la vitabu tangu mwanzo hadi mwisho.

Alibonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Hakuwa na hakika, lakini alibonyeza tena.

Hakuwa hata amemaliza kuikunja suruali iliyokuwa mezani, simu ikaita.

"Mama, umemuuza Kijana?"

Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani.

"Umejuaje?"

"Mchezaji akitiwa sokoni au akiuzwa, taarifa inaingia kwenye simu yangu. Namlisha bibi wa watu, naona Kijana kauzwa. Nimemwacha kijiko hewani, kinywa wazi. Umemuuza kwa nani?"

"Kwa daktari wa meno."

"Yule? Mama, yule atampiga benchi."

"Uliniambia nifanye nitakavyo."

"Nilisema ufanye utakavyo, sikusema umuuze Kijana."

Mama Dobi alifungua mdomo ajitetee, akakuta anatabasamu. Binti aligomba. Aligomba kuhusu mabeki, kuhusu mikataba, kuhusu watu wasiojua thamani ya mguu wa kushoto. Mwenye suruali alikuja, akasimama, akaonyeshwa kwa kidole asubiri, akasubiri, akachoka, akajichukulia suruali yake mwenyewe na kuondoka. Sauti ya binti ilikuwa ile ile ya uani, ya mikono yenye povu.

Kisha ikashuka.

"Mama, mimi nilikuwa siifungui kwa makusudi. Nikiifungua nitalia, na huku ukilia wanakuuliza kama unaumwa. Lakini kila nikichoka najiambia, nyumbani kila kitu kiko pale pale. Kitanda kipo. Kijana yupo. Wewe uko na pasi yako. Siku ile uliponiuliza niliogopa tu, nikajifanya sikumbuki."

"Kitanda kipo," Mama Dobi alisema. "Shuka nimebadilisha juzi."

"Wameniongezea mkataba, mama. Nimesaini. Nilikuwa sijui nitawaambiaje."

Mzee alikuwa ameshafika mezani. Alinyoosha mkono, akapewa simu, akaishika sikioni kama mtu anayepima uzito wake.

"Mwanangu," alisema. "Yule kiungo mpya nimemchagua mimi. Ana pumzi." Akairudisha haraka, akaenda kusimama kwenye bomba la nguo, mgongo kwa mkewe, akihesabu hanga ambazo hakuna aliyemtuma azihesabu.

Povu FC haikufanya maajabu. Chipukizi walifungwa wakajifunza, wakafungwa tena, na Jumamosi ya mwisho walitoka sare na kumaliza hatua moja juu ya mkia. Kinyozi alinuna wiki nzima. Kwa muda simu zilikuja kila Jumamosi, ndefu, zikianzia kwa winga mpya na kuishia kwa mambo ambayo mama na binti huambiana. Bibi anayemwita kwa jina la dada yake alikuwa ameanza kuacha kula. Mvulana wa duka la vitabu aliulizwa, na ilionekana binti anamkumbuka vizuri tu.

Halafu zamu zikabadilika. Mama, nitakupigia. Mama, kesho. Kitone cha pembeni ya jina la Meneja kikarudi kuwa kijivu, Jumamosi moja, na nyingine, na nyingine tena. Mama Dobi alielewa. Mtoto yuko kazini, si kwamba kamtupa. Lakini kuelewa hakujawahi kumshibisha mtu.

Mchana mmoja duka lilikuwa tupu. Alikuwa amemaliza kuipiga pasi upya suti ya bwana harusi na kuirudisha kwenye bomba. Akavaa miwani, akafungua Povu FC, akashuka hadi kwa kipa. Komeo, wa mwisho wa kikosi cha binti, bega lake bovu, miaka yake mingi. Akamtia sokoni. Kwenye nafasi ya bei akaandika tarakimu mpaka simu ikakataa kupokea zaidi, bei ambayo timu zote za ligi zikichanga haziwezi kuifikia hata nusu.

Kisha akaiweka simu juu ya meza, karibu na pasi, akapandisha sauti hadi mwisho, na kusubiri kugombezwa.