Gundi Iliyokataa Kukauka

Droni ya ushirika wetu wa wakulima ilipoangukia mpunga wa mjane doña Targelia, mji mzima wa Daule ulikubaliana bila kikao kwamba Kléver ni rubani wa hovyo. Mwaka jana aliyamwagia mbolea ya maji maandamano ya mtakatifu, padre akanuka wiki nzima. Sasa Ijumaa kikao cha ushirika kingemwachisha kazi, na ndiyo kazi pekee inayolisha watoto wake wanne.

Mabaki yaliletwa kwangu Jumanne, maana mimi Maritza ndiye ninayeunga fremu za kaboni kutoka hapa hadi Santa Lucía. Niliugonga mkono wa droni uliovunjika kwa sarafu, kama kawaida yangu: kaboni nzima hulia kavu, iliyoachana matabaka huguna. Huu uliguna. Nikausogeza dirishani. Ulikuwa umevunjikia pale pale nilipouunga mwenyewe mwezi uliopita. Nikabonyeza gundi kwa ukucha, ukucha ukazama.

Nilikumbuka vizuri mno. Gundi sehemu mia, dawa ya kugandisha sehemu thelathini, na hupimwa kwa mizani. Lakini siku ile Barcelona, ile ya huku kwetu, walikuwa wanacheza na watani wao Emelec, refa kaonyesha penalti, nami nikaimimina dawa kwa kukadiria, macho kwenye televisheni. Penalti yenyewe ikapaa juu ya goli.

Hakuna aliyejua. Dakika mbili za msasa na ushahidi wote ungekuwa vumbi. Nilikwisha kuushika msasa, sitajitia utakatifu, Kléver alipoingia na bolón mbili za moto za mke wake, yale madonge ya ndizi ya kukaanga. Amemsimamia binti yangu ubatizo, kwa hiyo tunaitana kumpadre na kumadre, wala haombi ruhusa mlangoni.

“Kumadre, inaungika hiyo?”

“Inaungika.”

“Mimi sijui nilifanyaje. Hakuna upepo, naenda zangu moja kwa moja, nashangaa imelala upande. Mke wangu anasema nilisinzia.”

“Ulisinzia?”

“Sikumbuki. Ila naona kama kweli.”

Hilo lilinichoma. Mtu mzima anaanza kukumbuka usingizi ambao hakuulala, na mimi natafuna bolón yake.

Ijumaa don Eustorgio, mwenyekiti wetu, ambaye anaipenda sauti yake kuliko mchele, alihutubia nusu saa juu ya nidhamu. Kisha Kléver akasimama, kofia mkononi.

“Nilisinzia,” alisema. “Naombeni radhi.”

Roho ilinisuta hadi nikajikuta nimesimama. “Hakusinzia. Ni gundi yangu.”

Wakacheka. “Kaa chini, Maritza,” alisema don Eustorgio. “Tunajua ni kumpadre wako.”

Nikautoa mkono wa droni kwenye mfuko, nikauweka mezani mbele yake. “Bonyeza hapo.”

Akabonyeza. Akautazama ukucha wake, akabonyeza tena. Wakapanga foleni wote, kama wanabusu sanamu ya mtakatifu. Doña Targelia ndiye aliyebonyeza kwa muda mrefu zaidi.

“Jibini langu ni gumu kuliko hii,” alisema.

“Ilikuwaje?” aliuliza mwenyekiti.

“Nilikuwa naangalia mpira.”

“Nani alishinda?” akauliza mtu huko nyuma.

Kléver akabakishiwa kazi yake. Mimi niliambiwa niunge upya bure, na kwamba droni nyingine mbili za ushirika zitapelekwa kwa fundi wa Babahoyo. Nililitarajia hilo. Nisichokitarajia ni Kléver kunisubiri nje akiwa amenuna.

“Nimempigia magoti Targelia,” alisema. “Nimeungama kwa padre dhambi ya kusinzia, akanipa rozari tano. Wewe ulijua tangu lini?”

“Tangu Jumanne.”

“Jumanne nilikuletea bolón.”

“Ndiyo.”

“Ukala.”

“Nikala.”

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Jumamosi asubuhi alikuja karakanani, akavuta kiti hadi mezani kwangu bila kuniamkia. Nilipima gundi kwenye kikombe kimoja na dawa kwenye kingine, taratibu, gramu kwa gramu, televisheni imezimwa. Kléver akaivuta mizani upande wake, akavichukua vikombe vyote viwili, akavipima upya.