Karavani ya Bondeni

Siku ya mnada wetu walikuja watu wengi kuliko waliokuja harusini kwetu. Huku Karrawan, wilaya ya wafuga kondoo, mtu akiuza shamba hutoa kila alicho nacho, akakipanga kwa mistari kwenye malisho, majirani wakapita wakikigeuzageuza. Spana, ndoo, mashine za kukatia manyoya ya kondoo, kitanda ulichozalia. Kina mama wanaotunza ukumbi wa wilaya huuza chai na mikate ya mayai. Nilijiweka upande wa chai, kwa sababu nilitaka mikono yangu iwe na kazi.

Tulikuwa tunaihama mitambo ya upepo. Kampuni ya umeme iliisimamisha, kwa kulipa kodi, kwenye kilima cha dada yangu Coral na mumewe Trevor, ng'ambo ya barabara, na ule wa karibu zaidi ulitazamana na dirisha letu la chumbani. Kelele yake si kubwa. Inadunda tu, kama jirani anayekung'uta zulia asimalize. Mimi nilipata usingizi wa kuibaiba. Mume wangu Nev aliukosa kabisa. Wataalamu walikuja na vyombo vyao, wakapima, wakasema kelele haivuki kiwango. Daktari akampa vidonge. Baani wakambandika jina la Masikio, wakawa wanamwuliza kama anasikia nyasi zikiota. Mwanzoni alicheka nao.

Fidia sikuitaka. Nilitaka dada yangu aseme, mara moja tu, kwamba Nev hazushi. Nilimwuliza waziwazi jikoni kwake, akanijibu kwamba wao hawasikii kitu, wanalala fofofo. Nikaacha chai yake mezani nikarudi nyumbani. Tangu hapo salamu yetu ilibaki kuinuliana kidole cha shahada juu ya usukani tukipishana barabarani, maana huku hata adui humnyimi salamu hiyo.

Ndipo tukanunua karavani, kijumba kikuukuu cha magurudumu, tukakivuta kwa trekta hadi bondeni, nyuma ya mawe, ambako ule mdundo haufiki. Tukawa tunakula nyumbani na kulala huko, watu wazima wenye nyumba ya vyumba vinne. Wilaya nzima ilijua na wilaya nzima ilicheka. Ikaenda hivyo miaka, mpaka asubuhi moja Nev akasema basi, nami nikasema basi. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Dalali wetu, Darcy, alianza na spana. Nilipowaona Coral na Trevor wakishuka garini nilijua nilipaswa kuhisi jambo fulani. Niliendelea kumimina chai. Walisimama nyuma ya watu, hawakununua kitu, hata meza ya marehemu baba yetu.

Ikafika zamu ya karavani. Darcy akatania kwamba ndani yake kumepita mapenzi motomoto, watu wakaangua kicheko. Jamaa mmoja wa mjini akataja dola mia tatu. Trevor akainua mkono, akasema mia nne.

Desturi yetu ni kwamba ndugu wa mwenye mali akitaka kitu, wengine hawapandishi bei. Yule jamaa akaacha. Lakini vicheko navyo vilikatika, hata vya wale wa baani. Kila mtu pale alijua tuliinunua kwa kazi gani, na kwamba Trevor hajawahi kwenda kupiga kambi maishani mwake. Trevor alitazama viatu vyake mpaka Darcy akagonga nyundo.

Coral ndiye aliyekuja kwangu kuchukua ufunguo. Nilimpa, nikamwambia mlango unakwama, auinue kidogo kabla ya kuuvuta.

"Asante, mdogo wangu."

"Mtaiweka wapi?"

"Palepale. Trevor ameshaongea na mnunuzi wa shamba."

"Nenda kamwambie Nev."

"Noelene, kwenye mkataba wa mitambo tulitia sahihi kwamba hatutasema. Kwa yeyote. Kampuni inaweza kutufilisi."

"Sijakwambia ukatangaze ukumbini, dada. Mwambie yeye."

Alikwenda. Nev alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na meza yangu, akitazama mali yake ikibebwa.

"Shemeji," Coral alisema kwa sauti ya chini, "sisi pia hatulali."

Nev hakuinuka. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Nev aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayetajiwa bei ya sufu. "Haya," akasema. "Usiku kuna baridi kule. Chukueni mablanketi."

Nilikuwa nimeyangoja maneno yale miaka yote. Sasa nikangoja hasira ije, au furaha, au hata machozi. Niliingoja kwa dhati, birika mkononi. Mama mmoja akaniuliza kama mikate ya mayai imebaki. Nikamwambia imebaki, nikaenda kumkatia.