Neno Moja Kwenye Karatasi ya Benadetha

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuutafsiri ulimi wa Benadetha. Yeye alionja sake, pombe ya mchele ya Kijapani, katika ghala la Tobias huko Landover, ughaibuni, na kuandika kwa Kiswahili alichokisikia mdomoni. Mimi niliyageuza maandishi hayo kuwa Kiingereza cha katalogi. Huo ulikuwa utaratibu wa Tobias, Mtanzania aliyesoma Japani na kurudi na imani kwamba mtu huonja vizuri zaidi katika lugha aliyolelewa nayo. Mimi sikuiamini imani hiyo. Sikuamini pia kwamba kinywaji kinaweza kunukia tikiti lililokatwa asubuhi, ingawa nililiandika jambo hilo mara nyingi, bila kosa la tahajia.

Mwezi Machi zilifika katoni ishirini kutoka kiwanda cha ukoo mmoja milimani, kaskazini mwa Japani: watu watano, matangi manne, maji ya theluji. Walikuwa hawajawahi kuuza nje ya mkoa wao. Benadetha alionja akiwa amesimama, kama kawaida yake. Funda la kwanza alilitema kwenye ndoo. La pili alilimeza, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kazini. Karatasi yake, ambayo siku nyingine hujaa hadi pembeni, ilikuwa na neno moja: Tamu.

Nikaandika kwa Kiingereza neno la utamu wa sukari. Mkahawa mmoja wa Springfield, uliokuwa ukitafuta sake ya kunywewa pamoja na vitindamlo, ukazichukua katoni zote.

Jumanne asubuhi zikarudi kumi na tisa.

"Dada Bena," Tobias alisema, "mpishi anasema ni kali. Haina hata chembe ya sukari. Ananiuliza kama huku tunaonja au tunapiga ramli."

Januari homa ilikuwa imemnyang'anya Benadetha pua. Kwa wiki tano hakusikia hata harufu ya kitunguu kinachoungua. Mimi aliniambia, Tobias hakumwambia. Pua ilirudi, lakini tangu hapo kila asubuhi aliinama juu ya kopo la kahawa akanusa, kama mtu anayerudi kuhakikisha kwamba mlango ameufunga.

"Basi imekwenda," Benadetha akaniambia baada ya Tobias kutoka. "Nilidhani imerudi, Nehemiah. Kumbe nilikuwa nakumbuka tu harufu."

Kosa nilikuwa nimelitambua pale Tobias alipotamka neno "kali". Nikanyamaza siku nzima. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nikitafakari. Ukweli ni kwamba mtu aliyewasahihisha wenzake kwa miaka sita hana haraka ya kusahihishwa.

Jumatano Benadetha alikuja na barua ya kuacha kazi. Binamu yake Flaviana alikuwa amemtafutia nafasi ya kuhudumia wazee huko Wheaton.

"Kule kazi ni kuogesha watu na kubadilisha nepi," alisema. "Pua isiyosikia ni baraka."

"Wacha nikwambie. Kosa ni langu," nikasema. "Uliandika tamu, ukimaanisha nzuri. Mimi nikaandika sukari."

"Hebu acha, bwana."

"Ni kweli."

"Wewe? Wewe uliyenisumbua wiki nzima kwa tofauti ya ukakasi na ugwadu? Usinionee huruma, kaka. Huruma haikukai, kama koti la kuazima."

Nikamletea karatasi yenyewe. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, kana kwamba nyuma yake pangekuwa na maelezo.

"Sikumbuki," akasema. "Nakumbuka nilimeza. Kilichokuwa mdomoni sikikumbuki."

"Onja tena, basi."

Nilimmiminia. Alikiinua kikombe hadi puani, akakirudisha mezani.

"Nimeshaambiwa ni kali. Nikisikia ukali sasa, nitajuaje kama ni ulimi wangu au ni maneno ya Tobias?"

Hoja hiyo niliwahi kuitoa mimi, katika chumba hichohicho, nikitaka kuthibitisha kwamba uonjaji ni ushirikina wenye vikombe. Sikupata wa kunijibu, nikajihesabu mshindi. Sasa nilitamani jibu lipatikane, na sikuwa nalo.

Tulikwenda pamoja kwa Tobias. Nilimweleza yote niliyoyafanya, kwa sentensi fupi. Alisikiliza, kisha akamgeukia Benadetha kwa uso uliolegea kidogo. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akitafuta njia ya kubaki naye.

"Dada, niambie tu ulimaanisha nzuri. Nitampigia mpishi simu sasa hivi, nitaomba radhi, yameisha."

Lilikuwa jambo la neno moja. Nilimtazama Benadetha, nikimtaka alitamke hata kama ni uongo.

"Huenda nilimaanisha hivyo," alisema. "Lakini siwezi kuapa, kaka Tobias. Na mwonjaji asiyeweza kuapa anakufaa nini?"

"Hata mimi ninapokwambia siku ile ulimeza?" niliuliza.

"Mtu humeza vingi."

Akaiweka barua mezani, akaipapasa kwa kiganja ili isijikunje, akatuaga kila mmoja kwa jina.

Kontena lililofuata lilifika Jumatatu, na Tobias akaonja mwenyewe. Aliandika ukurasa mzima kwa Kiingereza, bila neno hata moja lenye maana mbili. Niliusoma mara tatu nikikitafuta kinywaji ndani yake, nisikipate, kisha nikaupiga chapa kama ulivyokuwa.