Wazazi wa Ornella

Ornella wa Cremona alijifunza Kiingereza uzeeni ili azungumze na Hazel, Mwingereza aliyemzaa mke wa mwanawe. Neno likifanana na la Kiitaliano, alilichukua bila kuuliza. Kwao “parenti” ni ndugu na jamaa. Waingereza wakisema “parents,” wana maana ya wazazi.

Siku ya kukutana, Ornella alimpakulia supu ya tambi, akasema kwa Kiingereza chake: “Kesho, dada, wazazi wangu wote watakuja kukuona. Wako thelathini.”

Hazel aliweka kijiko chini. “Wote wazima?”

“Wawili walifariki mwaka jana. Mmoja yuko jela.”

“Pole sana, dada.”

Kesho yake Hazel alimwinamia kila mgeni kwa heshima, hata mpwa wa Ornella aliyekuwa bado ananyonya.

Ornella akamnong'oneza mwanawe: “Huyu mama kalelewa, jamani.”