Gemu Lililochelewesha Posa

Mume wangu Polikarpi alikabidhiwa kazi moja tu: kulinda moto. Ndizi za rubisi, ile pombe ya kupokelea posa ya binti yetu Costansia, zilikuwa zimefukiwa shimoni, na bila moto wa taratibu mdomoni mwa shimo haziivi. Kwetu hapa Ihanda posa haitamkwi mbele ya kibuyu kikavu. Costansia alikuwa amesubiri tangu msimu wa kahawa uliopita, maskini, na kijana wake alimpenda kweli.

Sasa, mwaka huo wa tisini na sita, Seif wa dukani alimpa Polikarpi gemu la mkononi kwa jogoo mmoja. Majogoo waliobaki wakaishia kwenye betri. Vijitofali vinashuka, unavipanga, mstari ukijaa unafutika na kidude kinakupigia wimbo. Kisha vinashuka kasi zaidi, unakosa kidogo tu, unaanza upya.

"Nakaribia, mama Costansia," ananiambia. Anakaribia wapi? Mimi nimepalilia migomba tangu nilipoolewa, hakuna aliyenipigia hata filimbi.

Moto ukazimika yeye akiwa amekaa kando yake. Tulipofukua, ndizi zilikuwa mbichi vilevile.

Jumapili wageni wakafika. Baba wa kijana, mzee Kashaija wa Ihembe, alitafuna punje za kahawa nilizomkaribisha nazo, akatazama kibuyu kikavu, akaanza kutafuta fimbo yake aondoke. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Polikarpi kwa woga akampa gemu ashike kidogo, nami nikamtuma shemeji kwa baiskeli akatafute rubisi Kiruruma. Ikaja, haikuonjwa. "Ngoja kwanza," mzee alisema, kichwa chini. Betri zilipoisha, wageni wakaaga. Habari ya Costansia, kimya. Alilia, nami nikalia naye.

Safari ya pili moto niliulinda mwenyewe. Mzee alirudi upesi mno, na Costansia akachungulia kutoka jikoni, uso umemng'aa. Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa betri mpya mbili.

Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikazipokea kwa mikono miwili. Halafu nikazifunga kwenye pindo la kanga.

"Baba, nadhani ulikuja na neno," nikamwambia.

Mwanamke haongozi posa, najua. Lakini betri zilikuwa kwangu. Mzee akamtazama Polikarpi, Polikarpi akalitazama pindo. Posa ikatamkwa, nikatoa betri moja. Gemu haliwaki kwa moja. Suala la ng'ombe, ambalo kwa kawaida huwafanya watu wanuniane, lilikwisha kabla kibuyu hakijazunguka. Nikatoa ya pili.

Wimbo ulipolia, wazee wote wawili walitabasamu kana kwamba wao ndio waliochumbiwa. Mimi sikumngoja mtu anisifu. Nilijipigia vigelegele mwenyewe.